Kwa Nini Uliinua Kalamu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mjukuu wangu,

Una wazimu, au maji ya chuo yamekupanda kichwani? Miezi miwili hujaniandikia, halafu unaniletea mistari minne kama karatasi ya dawa: hesabu imenishinda, nimefeli, narudi nyumbani tushone pamoja, niwekee kiti. Kiti kipi? Cha pili humu ndani kimebeba marobota ya sare za shule, na hakitashushwa mzigo kwa ajili ya mtu aliyekimbia somo.

Barua yako imenikuta na pini sita mdomoni. Nimezitema zote, mteja akaruka pembeni akidhani namtemea yeye. Nikamwambia, si wewe, mama, ni mjukuu wangu, ana akili nyingi ila hazina adabu.

Mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Lakini gauni likikosewa najua linafumuliwa, haliendi jalalani. Wewe umefumua nini? Umekosea wapi? Hukusema. Umesema "hesabu", kama mteja anayekuja kusema "nguo ni mbaya". Mbaya wapi? Bega? Kiuno? Sema nikuonyeshe mlango au nikuonyeshe sindano.

Niandikie swali lililokuangusha, neno kwa neno. Ukiniandikia "Bibi, huwezi kuelewa", usirudi hata likizo. Na usipige simu. Masikio yangu yamechoka, simu hunifanya niitikie ndiyo nisichosikia. Ndivyo nilivyojikuta na oda ya mapazia kumi na mawili. Macho bado mazima. Andika.

Bibi yako

*

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Bibi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama wima kama niko gwaride. Haya, swali ni hili.

Kuna kitu kinaitwa thamani kamili. Unachukua namba yoyote na kuuliza jambo moja tu: iko mbali kiasi gani na sifuri? Hutaki kujua iko upande gani. Tano iko hatua tano. Hasi tano, iliyo upande wa pili wa sifuri, nayo iko hatua tano. Jibu haliwi hasi hata siku moja. Ukiyachora majibu yote unapata mstari unaoshuka kutoka kushoto mpaka kwenye sifuri, halafu unapanda kwenda kulia. Ni V, Bibi. Wakauliza: mchoro huu una mwendelezo pale kwenye sifuri? Yaani, unapita pale bila kukatika?

Nikajibu: hapana. Pale pana kona, na kwenye kona mstari hukatwa, ukaanza mwingine. Katika mtihani mzima hilo ndilo jibu nililokuwa na uhakika nalo kuliko yote. Maswali yaliyofuata niliyajenga juu yake, nayo yakaanguka nalo.

Kwenye mchoro wangu nilishusha mstari wa kushoto mpaka sifuri, nikainua kalamu, nikaanza wa kulia. Pakabaki pengo dogo kama tundu la sindano. Mwalimu wa hesabu amelizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: Kwa nini uliinua kalamu? Basi. Hakuandika kingine. Wiki nzima naitazama karatasi hiyo. Sikuamua kuinua, Bibi. Mkono uliinuka wenyewe.

Marudio ni Jumatatu tarehe 24, kwa mdomo, ubaoni, mbele ya walimu wawili. Nikianguka tena jina langu linafutwa. Chuo hakina mara ya tatu. Ndiyo maana nikaona bora nitoke kwa miguu yangu kabla sijatolewa. Begi nimeshalifunga.

Mjukuu wako

*

Jumanne, tarehe 11 Juni

Mke mwenzangu,

Lifungue begi. Nguo zinajikunja.

Nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimekaa. Hiyo thamani kamili yenu mnayoikalia shuleni miaka yote hiyo, mimi ninayo shingoni kila siku, inaning'inia na futi. Bibi harusi akija gauni linabana vidole viwili, nimekosea vidole viwili. Akija linapwaya vidole viwili, nimekosea vilevile viwili. Hakuna kosa la vidole viwili pungufu ya sifuri. Kosa ni umbali kutoka kipimo chake, halijali ni ndani au nje. Nikamweleza hivyo jirani yangu muuza vifungo, akanitazama kama nimeota pembe. Nilijisikia vizuri mpaka jioni.

Sasa hiyo ya kona. Juu ya kona sina la kusema leo, nina mteja mlangoni.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha kitambaa cheupe. Nimekishonea V kwa uzi mwekundu, mshono wa juu, ule unaouona. Kaa penye mwanga. Anza kukifumua upande wa kushoto, mshono kwa mshono, kwa ncha ya sindano. Mkasi usiuguse. Ukifika chini kwenye ncha, tazama vizuri, kisha uniambie umeona nini. Usinijibu kwa kubahatisha kama ulivyowajibu walimu wako.

Na yule mwalimu mwenye wino mwekundu, mwanzoni nilimtukana. Nimeyarudisha matusi yangu. Mtu anayeuliza "kwa nini uliinua kalamu" ameutazama mkono wako, hakutazama jibu tu. Msalimie.

Bibi yako

*

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Bibi, shikamoo, shikamoo tena.

Uzi ni mmoja.

Nimeufumua kwenye dirisha la bweni asubuhi, na nilipofika kwenye ncha nilitegemea fundo, au nyuzi mbili zilizokatwa. Hakuna. Uzi umeshuka mpaka kwenye tundu la mwisho, umeingia, umetoka, umepanda upande wa pili kana kwamba hapana kitu pale. Nimeuvuta wote ukatoka mzima, mrefu kama mkono wangu. Nimecheka peke yangu mpaka mlinzi wa bweni akaja kuuliza kama niko salama.

Halafu nikaona kingine kwenye matundu yaliyobaki. Mishono yako ya juu ni mirefu, na kila unavyokaribia ncha inafupika. Nikachukua rula. Kutoka kushoto: tundu liko juu ya ncha sentimita moja, kisha nusu, kisha robo, kisha chini ya hapo. Kutoka kulia nako hivyohivyo. Kila upande unasogea kwenye tundu lilelile. Bibi, hicho ndicho kikomo. Nilikuwa nimekikariri kama shairi nisilolijua maana. Kikomo ni pale mwendo unapoelekea, hata kabla hujapakanyaga. Chukua hasi moja, hasi nusu, hasi sehemu ya kumi: thamani kamili zao ni moja, nusu, sehemu ya kumi, zinashuka kwenda sifuri. Njoo kutoka kulia, nazo zinashuka kwenda sifuri ileile. Vikomo viwili, mahali pamoja. Mstari haujakatika. Umegeuka tu.

Nimeruka kitandani. Najua nina miaka kumi na tisa.

Bado kuna mbili zinanitia hofu. Ya kwanza, wataniuliza pale kwenye ncha mstari umeinama kiasi gani, kwenda chini au kwenda juu, na sijui niseme nini. Ya pili ni fanksheni nyingine, yaani kanuni ya kubadili namba, ndugu ya hii: unachukua namba unaigawanya kwa thamani yake kamili. Namba zote za kushoto zinatoa hasi moja, zote za kulia zinatoa moja, na sifuri haitoi kitu kwa sababu huwezi kugawanya kwa sifuri. Hiyo imekatika au haijakatika?

Na nina swali ambalo si la hesabu. Nilipokuwa na miaka kumi ulinipa mkasi mdogo ukaniambia: "Ukifika kwenye kona kata uzi, funga fundo, anza upande wa pili." Miaka tisa nimekata kila kona niliyokutana nayo, ya kitambaa na ya karatasi. Sasa najua kwa nini mkono uliinuka. Lakini wewe hukati. Nimekumbuka pia kwamba kila ulipofika kwenye shingo ya gauni ulinituma chaki, na chaki ilikuwepo mezani.

Kwa nini, Bibi?

Mjukuu wako

*

Jumanne, tarehe 18 Juni

Mjukuu wangu,

Usinihoji kama askari. Nitasema, ila nitaanza na kazi, kwa sababu Jumatatu haisubiri moyo wangu utulie.

Kona inageuzwa hivi. Kwenye cherehani unashuka na mshono. Ukibakiza kidole kimoja unaacha kukanyaga, unazungusha gurudumu kwa mkono, mshono mfupi, mfupi zaidi, mfupi zaidi. Sindano lazima idondoke pale chaki ilipotia alama. Mafundi wengi hufika karibu na alama wakaridhika, ndiyo maana shingo zao zinakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Karibu na ncha si ncha. Kwa hiyo uwaambie walimu wako mambo matatu, usisahau la tatu: wa kushoto unafika hapa, wa kulia unafika hapa, na hapa penyewe sindano ipo. Lile V lako kwenye sifuri linatoa nini? Sifuri. Basi ipo. Kama mgeni wa kushoto na wa kulia wote wanaelekea nyumba moja lakini nyumba haipo, utasema wamefika?

Sindano ikiwa chini, ndani ya kitambaa, ndipo unainua ule mguu unaobana. Sindano haitoki. Unakizungusha kitambaa chote, unashusha mguu, unaendelea. Sasa unaniuliza pale kwenye ncha kitambaa kimeelekea wapi. Mguu uko juu, kitambaa kiko huru, kinazunguka. Muda mfupi uliopita kilikuwa kinashuka, muda mfupi ujao kitakuwa kinapanda, na pale penyewe hakina mwelekeo wa kukuonyesha. Kushoto anasema chini, kulia anasema juu, hawakubaliani na hawatakubaliana hata uwakaribishe vipi. Hao ndio hawana kikomo kimoja. Mahali wanakubaliana, njia hawakubaliani. Waambie hivyo bila kuogopa.

Na huyo ndugu yake mwenye kugawanya. Nilishawahi kupokea sketi iliyopindwa na watu wawili. Wa kushoto alipinda chini ya goti kwa kiganja kimoja, wa kulia juu ya goti kwa kiganja kimoja, wakakutana kwenye mshono wa katikati kila mtu na pindo lake, na mwenye sketi anasubiri aivae kazini. Usogee kwenye mshono wa katikati kadiri unavyotaka, wa kushoto yuko chini kiganja, wa kulia yuko juu kiganja, hawasogeleani hata unywele. Pale huna la kufanya. Pale ndipo mkasi. Umeona tofauti? Kona hukati. Ngazi kama ile ya sketi unakata.

Haya. Sasa hilo lako.

Ulipokuwa na miaka kumi pindo lako lilikuwa limenyooka kuliko la fundi wa mtaa wa pili mwenye ndevu zake. Wateja wakaanza kusema: mtoto huyu ana mkono, shule ya nini? Nilicheka nao. Mimi nilitolewa darasa la tatu kwa maneno hayohayo. Ana mkono. Katika ufundi huu, anayejua kugeuza kona amehitimu, hakuna wa kumwambia subiri. Nikasema, huyu kona sitamfundisha. Atajua yote asijue moja, asije akajiona fundi akalitupa daftari. Nikakupa mkasi. Nikakutuma chaki.

Nilidhani nimekufungia mlango mmoja wa kuingilia humu. Sikujua kwamba mkasi utakwenda nao mpaka kwenye mtihani. Nilipoisoma barua yako ya pili nilijua palepale, na bado nikakuandikia kwamba nina mteja mlangoni. Hapakuwa na mteja. Alikuwepo paka.

Samahani sijaizoea, ipokee ilivyo, imekunjamana.

Jumatatu vaa lile gauni la kijivu. Shingo yake ni V, niligeuza mwenyewe. Ukishikwa na woga, iguse.

Bibi yako

*

Jumatatu, tarehe 24 Juni, mchana

Bibi, shikamoo.

Nimepita. Nimepita, Bibi, naandika mbiombio, usinicheke mwandiko.

Mwalimu wa wino mwekundu alinipa chaki, akasema chora. Nikashuka kutoka kushoto, nikafika sifuri, nikasimama. Chaki haikutoka ubaoni. Nikageuza mwili wangu mzima nikapanda kulia. Mwalimu wa pili, mzee mmoja asiyecheka, akauliza: "Mbona umesimama hapo katikati?" Nikamwambia: "Nilikuwa nainua mguu." Akamtazama mwenzake. Ikabidi nieleze, nikaeleza yote, cherehani na gurudumu na chaki, mambo matatu, na la tatu nilikumbuka. Yule mzee akavua miwani akauliza mwinamo wa pale kwenye ncha. Nikasema mahali wanakubaliana, njia hawakubaliani, kisha nikaandika kwa alama zao: kushoto hasi moja, kulia moja, kwa hiyo hapana. Akaniuliza ya kugawanya. Nikamchorea sketi. Bibi, yule mzee alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akasema miaka yote amefundisha kikomo hajawahi kukiona kimevaa sketi.

Mwalimu wa wino mwekundu akauliza swali la mwisho: "Sasa, kwa nini uliinua kalamu?" Nikamwambia nilifundishwa hivyo na mtu aliyetaka nifike hapa. Akaandika amefaulu.

Suala la mkasi, sikukasirika. Nilikasirika siku moja, nusu siku. Halafu nikaisoma ile barua tena nikaona kwamba ningejua kugeuza kona nikiwa na miaka kumi, kweli ningelitupa daftari. Nilikuwa naipenda cherehani kuliko watu.

Lakini kuna jambo limebaki na sina wa kumwambia ila wewe. Kabla ya mtihani wa kwanza tulijisomea watu watatu: mimi, mwenzangu wa chumbani tunayemwita Mrefu, na msichana mmoja wa miwani. Mimi ndiye niliyeshika chaki. Mimi ndiye niliyewaambia: "Mkiona kona, kateni, andikeni haina mwendelezo." Wakaandika hivyo. Wakafeli kama mimi. Marudio yao, kundi la pili, ni Alhamisi tarehe 4 Julai. Karatasi zao zilisahihishwa na mwingine aliyeandika jumla ya alama tu, kwa hiyo bado wanaamini jibu hilo ni sahihi, wanadhani waliangukia kwingine. Leo walinikumbatia wakauliza nimeulizwa nini. Nikasema mambo madogomadogo. Nikasema nina usingizi.

Nikiwaambia, watajua ni mimi niliyewazamisha. Mrefu alilia siku tatu, Bibi, mimi nikimfariji. Nafikiri labda wataligundua wenyewe kitabuni.

Mjukuu wako

*

Alhamisi, tarehe 27 Juni

Mke mwenzangu,

Nimefaulu. Nasema nimefaulu, kwa sababu yule mzee alicheka sketi yangu. Nimemsomea barua muuza vifungo, nimemsomea mwenye sare za shule, nimemsomea mtu aliyepita kuulizia njia. Nimeshona mapazia mawili leo bila kuhisi mgongo. Sikulia. Vumbi la kitambaa.

Sasa nisikilize, maana furaha yangu imefika kwenye ukurasa wako wa mwisho ikasimama.

Mambo madogomadogo? Una usingizi? Mimi niliijua siri moja nikaikalia miaka tisa, na nilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa nzuri, na bado imekaribia kukutoa chuoni. Wewe sababu yako ni ipi? Aibu. Nilipokuwa nakuandikia ile barua ya mkasi, kalamu ilikuwa nzito kuliko pasi ya makaa. Nikaandika. Sikufa. Ukanijibu kwamba ulikasirika nusu siku. Mimi mkubwa nimevumilia nusu siku ya hasira yako, wewe ushindwe kuvumilia ya Mrefu?

Wataligundua wenyewe kitabuni, unasema. Wewe uligundua kitabuni? Kitabu ulikuwa nacho muhula mzima.

Usiwaambie kwa maneno ya kuzunguka. Usianze na "nadhani tulikosea". Sema: mimi niliwafundisha vibaya, jibu sahihi ni hili, nina siku hizi zilizobaki, nitakaa nanyi kila siku mpaka Alhamisi. Mrefu akikurushia kiatu, kiokote umrudishie, uendelee kueleza. Yule wa miwani akilia, mwache amalize, halafu mpe chaki yeye kwanza. Wasikariri maneno yako kama walivyoyakariri mwanzo. Kila mmoja asimame ubaoni akujibu kwa mdomo wake, umbane kwa maswali kama yule mzee asiyecheka, mpaka akueleze kwa mfano wa kwao, si wa kwangu. Mmoja wao huenda mama yake anafuma vikapu, mwingine baba yake anajenga kuta. Kila kazi ina kona yake.

Barua hii itakufikia Jumamosi mchana. Usiimalize kuisoma ukiwa umekaa. Vaa viatu, toka, kawatafute wote wawili uwakute pamoja, asije mmoja akaambiwa na mwenzake. Sema yote leo hiihii, kabla ya chakula.

Bibi yako